Maji Aliyoyaonja Mzee Famau

Katika nyumba ya Mzee Famau wa Ozi kulikuwa na vyungu viwili vya mchuzi, na mtu mmoja tu wa nyumba hiyo hakulijua jambo hilo: Mzee Famau mwenyewe. Chungu kikubwa kilikuwa cha watu wote. Kile kidogo kilikaa nyuma ya mafiga, na ndani yake Bi Mwanasiti, mkewe, alitia chumvi ya kumtoa mtu mwingine machozi. Mzee alikula humo, akalamba vidole, akasema, "Leo mmejaribu kidogo." Tuneya, binti yao wa mwisho, ndiye aliyempelekea bakuli kila siku, na kila siku aliomba Mungu asije mgeni akakaribishwa kuchovya tonge humo.

Kosa lilikuwa la tambuu. Mzee Famau alikuwa ametafuna jani, popoo, chokaa na tumbaku tangu ujanani, asubuhi mpaka anapolala, na chokaa haina rehema. Ulimi wake ulikuwa umekufa kitambo, ila yeye hakuarifiwa msiba. Siku ya kwanza aliyokosa ladha alilirusha bakuli uani, akauliza ni nani anayemnyima chumvi ndani ya nyumba yake. Bi Mwanasiti angeweza kumwambia ukweli. Aliona chumvi ni rahisi kuliko ugomvi, na tangu siku ile akawa anapika mara mbili.

Haikuwa kwamba Mzee Famau ni mtu mbaya. Hakupiga, hakulewa, na swala hazikumpita. Ila alipenda kila jambo lipite kinywani mwake kwanza. Kuku hakuchinjwa bila neno lake. Chande, mwanawe mkubwa, mwanamume mwenye ndevu na mke, aliomba ruhusa ya kwenda kunyolewa. Majirani walitania kwamba hata viboko wa mtoni humpigia hodi kabla ya kuingia shambani kwake. Mwaka uliopita Chande aliatika miche ya mpunga siku mbili kabla hajaambiwa, na Mzee akamwamuru aing'oe yote, mche mmoja mmoja, watu wanaangalia. Aliing'oa. Siku ya tatu akaamriwa aiatike palepale.

"Si kwamba nilikuwa na haja ya kukuaibisha," Mzee alimwambia jioni yake, kwa upole kabisa. "Nataka ujue mambo yana mwenyewe."

Tuneya naye alikuwa na lake. Alitaka kuolewa na Shee, fundi wa kuchonga mitumbwi. Mzee Famau alikuwa amekubali, kisha akakataa kwa sababu Shee alimpita njiani bila kumwona, kisha akakubali tena baada ya shangazi wa Shee kuja mara nne na kuketi chini mara zote nne. Sasa neno lilikuwa hivi: mpunga ukiingia ghalani, harusi. Na Mzee hakusahau kuongeza, huku akimtazama binti yake kwa mapenzi ya kweli, "Maadamu hapana atakayenikasirisha hapa kati."

Kwa hiyo tangu siku hiyo Tuneya alitembea ndani ya nyumba ya baba yake kwa ncha za vidole.

*

Miaka ile Mdachi alikuwa amekwisha kufunga mizigo Witu, na Mwingereza alikuwa bado hajaamua kuwasumbua sana watu wa Ozi. Aliyewasumbua mwaka huu alikuwa jua. Mvua za vuli zilinyesha siku mbili zikaomba udhuru. Mto ulipungua mpaka watoto wakavuka mahali ambapo zamani mamba waliota jua. Mpunga ulikuwa umeshika mimba, wakati ule hasa unapodai maji kama mtu mwenye homa, na ardhi chini yake imeanza kupasuka.

Pale Ozi mpunga haungoji mvua peke yake. Bahari ikijaa kwa bamvua, yale maji makuu ya mwezi, husukuma mto urudi nyuma, na maji ya mto, yakikosa pa kwenda, hupanda mifereji mpaka mashambani. Mto ukiwa na nguvu, chumvi hubaki chini huko Kipini na maji yanayopanda ni matamu. Mto ukidhoofika, chumvi huja yenyewe. Ndiyo maana ikawa desturi kwamba kabla mdomo wa mfereji haujazibuliwa, mwenye shamba huteka maji kwa kiganja, akaonja, akasema neno moja tu: matamu, au munyu. Neno hilo halisemwi na mtu mwingine.

Bamvua ilikuwa inakuja kesho kutwa. Jirani yao Jilo, Mpokomo aliyelima ng'ambo ya mfereji, alikuja kumwona Mzee Famau barazani. Alikuwa na umri wa Chande, na Kiswahili chake kilikwenda moja kwa moja bila kupita kona.

"Mzee, mimi hapana fungua bamvua hii," alisema Jilo. "Maji iko na munyu. Watu wa huko juu nasema mvua imepiga bara, maji nyekundu nakuja. Siku tano, siku sita. Ngoja, Mzee."

"Siku sita mpunga wangu utakuwa nyasi za kuezekea."

"Taumia. Lakini tapona. Munyu haiponi."

Mzee Famau alitafuna taratibu. Alikuwa mtu wa kupokea ushauri, mradi aliyeutoa awe mkubwa kwake, na wote waliokuwa wakubwa kwake walikuwa wamekwisha kuzikwa.

"Jilo mwanangu," alisema, "mimi nimeanza kuonja maji ya mto huu kabla babako hajaoa. Keshokutwa ndoo uniangalie ninavyoonja. Utajifunza."

Tuneya alikuwa nyuma ya mlango, anapepeta. Alisimamisha ungo.

*

Wanawake walijua. Ndio waliokwenda mtoni kila siku, na kwa siku nane walikuwa wameacha kuteka maji yakijaa, wakawa wanangoja yakupwe ndipo yanyweke. Kesho yake asubuhi Tuneya alikwenda maji yamejaa, makusudi, akaonja. Akatema. Akaonja tena, kwa kuwa hakutaka kuamini, akatema tena.

"Mama, yana munyu," alisema alipofika uani. "Baba akifungua, shamba limekwisha."

Bi Mwanasiti alikuwa anasukuma kuni chini ya chungu kidogo. "Najua."

"Basi mwambie."

"Nimwambie nini? Nikimwambia maji yana munyu, atakwenda kuonja, atakuta hayana. Nitamwambia ulimi wako umekufa. Ataniuliza umejuaje. Nitajibu kwamba nakulisha chumvi kama mbuzi huu mwaka wa pili, na watoto wako wote wajua, na mke wa Chande ajua, na pengine hata mtaa wajua." Alikuna kichwa kwa mpini wa mwiko. "Wewe waweza kuyasema hayo? Mimi sina kinywa hicho."

Chande, aliyekuwa anapita na jembe, hakungoja kuulizwa. "Mimi nilishang'oa miche," alisema, akaenda zake.

Wakabaki wawili. Mama alimtazama binti, na binti aliyaelewa macho yale. Wote katika nyumba walikuwa na hofu ya Mzee Famau, lakini Tuneya ndiye pekee ambaye Mzee alikuwa anamchekea. Alipokuwa mdogo alimbeba begani kwenda shambani. Hata leo, akirudi kutoka Kipini, hutoa kashata mfukoni, akasema ameiokota njiani.

"Ataniharamishia Shee," alisema Tuneya.

"Labda."

"Si labda, mama. Tayari ameshamkataa mara moja kwa salamu."

Bi Mwanasiti alionja chungu kidogo, akakunja uso, akaongeza chumvi.

*

Shee alikuwa anachonga mtumbwi wa mwembe karibu na kivuko, vibanzi vimejaa kila mahali mpaka nyweleni. Alipomwona Tuneya aliweka tezo chini, akasogea upande wa pili wa gogo, ili mtu akipita aone gogo zima liko kati yao. Tuneya akamweleza yote, na chungu pia. Kwenye habari ya chungu Shee alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaona Tuneya hacheki.

"Miaka miwili?"

"Miwili."

"Basi sema, Tuneya. Mpunga ukifa harusi haipo vilevile. Ukisema, angalau shamba litapona."

"Shamba litapona, na mimi atanipeleka kwa mtu wa Kau mwenye wake wawili. Mzigo wa mwenzio kanda la usufi, eti? Mbona usiende wewe ukamwambie?"

Shee alifuta jasho. Alikuwa kijana mkweli, na ukweli wake haukumpendeza hata mwenyewe. "Nikienda mimi, fundi wa mitumbwi, nikamwambia hawezi kuonja, nimekukosa kabla sijafika mlangoni."

"Basi twafanana."

Hata hivyo, njiani kurudi nyumbani, Tuneya aliamua atasema. Atamvuta baba yake kando, amwambie polepole, amfichie aibu. Aliyapanga maneno yote: aanze na afya, aje kwenye tambuu, amalizie na maji. Usiku alimkuta Mzee ana wageni. Alfajiri akakuta amekwisha kwenda msikitini. Na alipotoka msikitini Mzee alikuja na msikiti mzima nyuma yake, kwa sababu alikuwa amewaalika watu waje kuona maji yanavyoonjwa.

*

Walikusanyika kwenye mdomo wa mfereji watu kama ishirini. Mlango wake ulikuwa ubao wa mtumbwi uliokufa, umesimamishwa wima na kukandikwa udongo pembeni. Nyuma ya ubao maji yalikuwa yamejaa, yanang'aa, yanapendeza. Mbele yake mpunga ulisimama umejikunja majani. Mtu yeyote mwenye roho angetamani kuyaingiza.

Mzee Famau alitema tambuu, akasukutua, akapiga bismillahi. Aliinama, akateka kiganja, akanywa na kumeza. Akafunga macho kidogo kama mtu anayesikiliza.

"Matamu," akasema.

Jilo alishuka naye, akaonja, akatema pale pale, mbele ya watu. "Mzee, hii ni bahari."

Watu wakanong'ona. Mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Mzee Famau aligeuka mwekundu masikioni. Kama angekuwa peke yake pengine angeonja mara ya pili. Lakini mtu aliyealika watu hawezi kuonja mara ya pili.

"Jilo hataki nivune kabla yake," alisema. "Haya. Nina watu wa nyumba yangu hapa. Chande, ndoo uonje."

Chande alishuka. Alionja kwa ncha ya ulimi, na kila aliyekuwa karibu aliona koo lake likigoma. "Matamu, baba," alisema.

"Mama Chande."

Bi Mwanasiti alilowesha midomo kwa kidole, ndani ya buibui. "Kama alivyosema bwana."

"Mwaona?" Mzee alisema, lakini hakufurahi bado, kwa kuwa watu hawakuwa wanamtazama yeye. Walikuwa wanamtazama Chande, ambaye alikuwa ametazama chini. Hapo Mzee Famau akafanya jambo ambalo Tuneya hakulitarajia hata kidogo. Alimwita yeye, akamshika bega, na kuwageukia watu.

"Hao wengine mtasema waniogopa," alisema. "Haya, huyu hapa. Mwanangu huyu hajanidanganya tangu azaliwe. Akisema yana munyu, naapa sifungui, na Jilo namwomba radhi."

Alisema kwa moyo wa kweli. Ndicho kitu ambacho Tuneya hakukisahau maisha yake yote: kwamba alisema kweli, na kwamba mkono ule begani ulikuwa mwepesi.

Tuneya aliteka. Maji yalimkaa kinywani machungu, makali, yakamchoma penye ufizi uliokuwa na kidonda. Alimwona Jilo ametikisa kichwa kumhimiza. Alimwona Shee nyuma ya watu, na vibanzi nyweleni, hatazami popote. Aliona pia uso wa baba yake, jinsi ulivyokuwa umetulia, umekwisha kujua jibu. Akawaza: ameapa mbele za watu, lakini tukifika nyumbani ataniuliza kwa nini nimemvua nguo. Atasema hakuna harusi kwa upole uleule aliomwambia Chande. Alijaribu kukumbuka yale maneno aliyoyapanga, aanze na afya, aje kwenye tambuu. Hayakuwa maneno ya watu ishirini.

Akameza.

"Matamu, baba."

Mzee Famau aling'oa ubao kwa mikono yake mwenyewe. Maji yaliingia yakiimba, na watu, ambao nao walikuwa wamechoka na ukame, wakajikuta wanapiga vigelegele.

*

Siku ya kwanza mpunga uliinua majani. Siku ya pili Mzee Famau alipita mbele ya shamba la Jilo mara tano, bila haja. Siku ya tatu ncha zikawa njano, na Mzee akasema ni jua. Siku ya tano zikawa nyeupe, akasema ni wadudu, kisha akasema ni jicho. Siku ya saba maji mekundu ya bara yalifika, matamu, mengi, yamebeba matawi na povu. Jilo akazibua wake. Kwa Mzee Famau yalikuta majani makavu yanagongana kwa upepo.

Watu wa Ozi hawakumcheka usoni. Walimpa pole, na pole zilimchoma zaidi. Jilo alileta kikapu cha mtama, akakiweka mlangoni akaondoka, na Bi Mwanasiti akakichukua kabla mumewe hajaamua kukirudisha. Harusi haikuzungumzwa. Shangazi wa Shee alikuja mara ya tano, safari hii akaketi kitini, akasema mwaka wa njaa haukaribishi wageni. Juma hilohilo Shee alikwenda Kipini kutafuta vyombo vya kukarabati. Alipopita kuaga alisema atarudi mpunga mwingine. Tuneya alimjibu ndiyo, bila kumwamini wala kumlaumu, kisha akaenda nyuma ya nyumba akalia vizuri mpaka akamaliza.

Bi Mwanasiti naye alichoka. Mchana mmoja aliupakua mtama na kitoweo cha chungu kimoja, akampa kila mtu kilekile. Mzee Famau alikula tonge mbili, akauliza chumvi iko wapi.

"Imo," alisema Bi Mwanasiti.

"Haimo."

"Imo, bwana. Muulize Chande. Muulize mkwe wako. Imo miaka miwili, wewe ndiye huipati."

Mzee Famau alitazama bakuli lake, akatazama la Chande. Akachovya kidole katika la Chande, akaonja. Akachovya katika la mke wa Chande. Mwisho akainuka, akaingia jikoni, na wakamsikia akifungua kibuyu cha chumvi. Alikaa humo kitambo. Alipotoka midomo yake ilikuwa na weupe wa chumvi, akaenda shambani bila kofia.

*

Tuneya alimfuata baada ya alasiri. Alimkuta ameketi juu ya gogo kando ya tuta, kati ya mpunga uliokufa na mto uliojaa, mikono imelala magotini. Kwa mara ya kwanza alimwona ni mdogo wa mwili. Alisimama mbali kidogo, kama alivyozoea kusimama mbele yake, akingoja kuulizwa shida yake.

"Mamako ananiogopa," alisema Mzee bila kugeuka. "Ni haki yake, nilimwoa mtoto. Chande mimi mwenyewe nilimvunja, na sasa nalilia gongo la kuegemea. Lakini wewe, Tuneya. Naliapa mbele ya watu. Nalikupa neno langu, ulishike, uliseme. Neno lenyewe hata Jilo sikumpa. Mbona?"

Kulikuwa na majibu mengi mazuri. Angeweza kusema alikuwa anamlindia heshima, na ingekuwa kweli kiasi. Angeweza kusema hakuonja vizuri. Aliyapitia yote kwa haraka, jinsi mtu anavyopitia funguo, kisha akayaacha.

"Nalitaka kuolewa, baba."

Mzee Famau aligeuka. Machoni mwake mlikuwa na maji, na hakuyafuta.

"Kwa hilo tu?" aliuliza. "Mwanangu, ungesema yana munyu, nisingalifungua, na harusi ningalikufanyia. Ningalikufanyia palepale."

Upepo ulipita, mpunga ukagongana. Tuneya alijua kwamba baba yake anayaamini anayoyasema, na kwamba akiitikia, wote wawili watakwenda nyumbani na maneno hayo, na kosa litakuwa la mwenye ulimi mzima peke yake.

"Uwongo, baba," alisema.

Alingoja. Mzee Famau alilitazama shamba, kana kwamba anaoneshwa kitu humo na mtu mwingine. Kisha akasogea kwenye gogo, akampa binti yake nafasi ya kukaa.